Kuwaleta Wahamiaji katika Miji ya Mikoani na Kuwawezesha Wabaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka pande mbili. Upande mmoja kuna wenyeji: madiwani, waajiri, walimu, wauguzi, watu wa kujitolea makanisani na misikitini. Upande wa pili kuna wahamiaji na wakimbizi wanaojiuliza kama mji mdogo, mbali na jiji kubwa, unafaa kuanzia maisha. Nimeyaacha yote mahali pamoja kwa sababu mambo huharibika pale upande mmoja unapopanga bila kusikia wa pili anaogopa nini.

Kwa nini mji mdogo uwatafute wahamiaji?

Kwa sababu miji mingi ya mikoani inapoteza watu, na hasara hiyo huzaa nyingine. Vijana wakimaliza shule huenda kusoma jijini, na wengi hawarudi. Wanaobaki wanazeeka. Wanafunzi wakipungua, shule inanyang'anywa mwalimu; familia yenye watoto wadogo ikiona hivyo nayo inafunga mizigo. Daktari akistaafu, nafasi yake inakaa wazi. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kinabaki na wazee. Na papo hapo kiwanda cha nyama, mashamba, hospitali na makao ya wazee vinatangaza kazi mwezi baada ya mwezi bila kupata mwombaji.

Mji wa Altena, Ujerumani, ulikuwa na watu wapatao 32,000 mwaka 1970. Viwanda vyake vya chuma vilipodhoofika, idadi ilishuka hadi kama 17,000. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Mwaka 2015, wakimbizi walipoingia Ujerumani kwa wingi, Altena iliomba kupokea watu 100 zaidi ya mgawo wake. Huruma ilikuwepo, lakini hesabu ilikuwepo pia, na sioni ubaya wowote kwa mji kusema wazi kwamba unahitaji watu. Mgeni anayejua kuwa anahitajika huingia kwa miguu mikakamavu kuliko anayeambiwa kila siku kuwa amesaidiwa.

Kama kazi ipo, si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo miji mingi inapokosea.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miji mingi huikumbuka siku ya tatu tu. Wanaruka zile mbili za mwanzo, siku za kumwonyesha mtu pa kulala, kisima kilipo na nani ni nani, kisha wanashangaa jembe limeachwa shambani na mwenyewe kaondoka.

Kazi humfikisha mtu mjini. Kinachomfanya akae mwaka wa pili na wa tatu ni mambo mengine: nyumba isiyovuja, mwenzi wake naye kuwa na shughuli, watoto kuwa na marafiki shuleni, mahali pa kuabudu, namna ya kufika hospitali bila gari, na angalau mwenyeji mmoja anayeweza kumpigia simu saa nne usiku mtoto akipandwa na homa. Familia inapohama mji mdogo, mara nyingi sababu si mshahara. Ni mama aliyeshinda miezi minane ndani ya nyumba peke yake.

Kuna mji uliofanya vizuri tukajifunza?

Upo, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu hatua zake zinaweza kuigwa.

Nhill ni mji wa watu wapatao 2,000 na ushee katika jimbo la Victoria, Australia, katikati ya barabara kuu inayounganisha Melbourne na Adelaide. Mwajiri wake mkubwa ni kampuni ya Luv-a-Duck, inayofuga na kuchinja bata. Kampuni ilitaka kupanuka lakini haikuwa na wafanyakazi. Karibu kila mwenyeji mwenye uwezo wa kufanya kazi alikuwa nayo tayari. Wakati huohuo, huko Werribee, pembezoni mwa Melbourne, walikuwapo wakimbizi wa Kikareni kutoka Myanmar. Wengi walikuwa watu wa vijijini waliopita kambi za Thailand, na kazi jijini hawakuzipata kirahisi.

Kampuni na shirika la huduma kwa wahamiaji la AMES hawakupeleka basi likajaza watu. Kwanza walikwenda Werribee kuzungumza na jamii, na walieleza mazuri na magumu ya mji. Kisha familia zikaletwa kuuona kabla ya kuamua. Kuanzia mwaka 2010 waliajiriwa watu watano tu. Watano hao wakawa macho na masikio ya wenzao. Walichosema kwenye simu jioni kilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote. Wenyeji nao waliandaliwa: walielezwa Wakareni ni nani na wamekimbia nini. Viongozi wa kampuni na familia zao walishughulika wenyewe na mambo ya nyumba, shule na benki, hawakuyaacha kwa karani.

Baada ya miaka michache Wakareni walifika kati ya 160 na 200, karibu sehemu moja ya kumi ya mji. Tathmini iliyofanywa mwaka 2015 na AMES pamoja na kampuni ya wachumi ya Deloitte Access Economics ilikadiria kuwa ujio wao umeiongezea Nhill dola za Australia milioni 41.5 na ajira 70.5 za muda wote katika miaka mitano. Hizo ndizo namba zinazonukuliwa kila mahali. Kwangu mimi namba yenye somo ni ile ya watu watano wa kwanza.

Sisi hatuna kiwanda kikubwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na hesabu ya kweli ya mlicho nacho. Nafasi ngapi za kazi, za muda gani, kwa ujira gani? Nyumba ngapi zinaweza kukalika mwezi huu, si zile zitakazojengwa? Daktari anapokea wagonjwa wapya? Kuna mwalimu anayeweza kufundisha mtoto asiyejua lugha ya shuleni?

Halafu mteueni mtu mmoja, anayelipwa, ambaye kazi yake ni hiyo. Kamati ya watu kumi na wawili wanaojitolea ni nzuri kwa kupanga sherehe ya kukaribisha, lakini haiwezi kufuatilia fomu ya shule iliyokwama. Altena ilifanya jambo ambalo ningependa kila mji uliige: kila familia ilikuwa na mwenyeji wake maalumu wa kuishughulikia, wa kuwasindikiza ofisini, kuwasomea barua za serikali na kuwatafutia samani. Mwaka 2017 mji ulipewa tuzo ya taifa ya ujumuishaji wa wahamiaji.

Na anzeni na wachache. Pyramid Hill, mji mwingine mdogo wa Victoria, ulianza mwaka 2008 na Wafilipino wanne walioajiriwa kwenye shamba la nguruwe. Wakaleta wake na waume, kisha ndugu, kisha marafiki. Leo ni zaidi ya 100 katika mji wa watu wapatao 600.

Nyumba tutazitoa wapi?

Hapa ndipo penye mwiba. Watu hudhani mji unaopungua watu lazima una nyumba za bure. Mara nyingi zilizo tupu ni mbovu, au ni za urithi ambao ndugu hawajaafikiana, au mwenyewe anaishi mbali na hataki usumbufu wa mpangaji. Mjenzi naye hataki kujenga, kwa kuwa gharama ya kujenga nyumba mpya katika mji mdogo inaweza kuzidi bei atakayoiuza.

Kinachosaidia ni halmashauri au mwajiri kuingia katikati: kupanga nyumba kwa jina lake na kumdhamini mhamiaji asiye na historia ya upangaji, kumsaidia mwenye nyumba kukarabati kwa makubaliano kwamba ataipangisha miaka kadhaa, au wao wenyewe kujenga nyumba chache. Altena ilizitumia nyumba zilizokuwa tupu katikati ya wenyeji badala ya kuwakusanya wageni kwenye jengo moja nje ya mji, na hilo peke yake lilifupisha safari ya kujuana.

Jambo moja la kuepuka: mwajiri kuwalaza wafanyakazi sita kwenye vyumba viwili na kuwakata kodi kwenye mshahara. Huo si mpango wa makazi. Habari zake zitawafikia ndugu zao kabla ya wiki kwisha, na hakuna atakayekuja tena.

Je, serikali iwapangie watu mahali pa kuishi?

Nchi nyingi zimejaribu. Sweden, kuanzia mwaka 1985, iliwatawanya wakimbizi karibu katika manispaa zake zote ili mzigo usiwe wa Stockholm, Göteborg na Malmö pekee. Wengi walihama baadaye kuelekea miji mikubwa, na wachumi waliofuatilia mapato yao waliona kuwa utaratibu huo uliwarudisha nyuma, kwa kuwa watu walipelekwa penye nyumba badala ya penye kazi. Ujerumani, tangu 2016, inaweza kumtaka mkimbizi aliyekubaliwa akae miaka mitatu katika jimbo alilopangiwa.

Njia nyingine ni kumvuta mtu kwa viza. Australia ilianzisha viza namba 491 Novemba 2019: ni ya miaka mitano, unaishi na kufanya kazi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na baada ya miaka mitatu ya kutimiza masharti unaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa viza namba 191. Kanada mwaka 2019 ilizipa jumuiya 11 za vijijini na kaskazini, zikiwemo Thunder Bay na Moose Jaw, nafasi ya kupendekeza zenyewe mhamiaji gani apewe ukaazi. Mpango huo umefungwa na mwingine wa aina hiyo ukafunguliwa mwaka 2025, pamoja na wa jumuiya zinazozungumza Kifaransa, ambao Wakongo na Warundi wanapaswa kuuangalia kwa makini.

Maoni yangu: sharti la viza linaweza kumfunga mtu kwa miaka mitatu, lakini siku sharti linapokwisha ndipo mji unapopigiwa kura. Miaka hiyo mitatu ni muda mliopewa wa kumfanya mtu asitake kuondoka. Mji unaoitumia kama kamba tu utaamka mwaka wa nne na nafasi zilezile wazi.

Ni bora walete watu wa jamii moja au wa kila mahali?

Nimesikia madiwani wakisema wachanganywe ili wasijitenge. Nia ni njema, matokeo huwa mabaya. Familia moja ya Wakongo iliyowekwa peke yake katika mji haina wa kumwachia mtoto, haina wa kusali naye kwa lugha yake, haina wa kumweleza mkunga kwamba mama anaogopa nini. Itavumilia msimu mmoja wa baridi.

Australia ilipofanya majaribio ya kupeleka wakimbizi moja kwa moja mikoani, mwaka 2005 ilipeleka familia kadhaa za Wakongo pamoja mjini Shepparton, na mwaka 2007 Watogo mjini Ballarat. Lengo lilikuwa hilohilo: mtu asifike mahali ambapo hakuna anayelitamka jina lake sawasawa.

Uwezo wa kuchagua nao una nguvu zake. Wasomali walioanza kuhamia Lewiston, jimbo la Maine nchini Marekani, mwaka 2001, hawakupelekwa na mtu. Walikuwa wamepokelewa katika miji mingine, wakatuma watu wao kuangalia, wakaona mji wa viwanda vilivyofungwa wenye nyumba za kodi nafuu na utulivu wa kulea watoto. Mji haukuwa umejiandaa hata kidogo, lakini wao walikuwa pamoja, na walibaki.

Mwenzi wangu nitamfanyia nini akikosa kazi?

Swali hili ningeliweka la kwanza kama ningeweza. Waajiri huajiri mtu mmoja na kusahau kwamba anayekuja ni kaya.

Mwajiri makini huuliza mapema: mkeo au mumeo amesomea nini, amewahi kufanya nini, angependa nini? Kisha anapiga simu kwa shule, kwa hospitali, kwa jirani mwenye duka. Katika majimbo manne ya Atlantiki ya Kanada, mpango uliojaribiwa kuanzia 2017 na kufanywa wa kudumu Januari 2022 unadai kila mhamiaji awe na mpango wa makazi unaomhusu yeye na familia yake, si barua ya kazi pekee. Nhill, wanawake wa Kikareni wana karakana na duka la ushonaji liitwalo Paw Po, na mashine zake zimewatoa wengi majumbani hata kabla lugha haijawakaa mdomoni.

Malezi ya watoto ndiyo kufuli la mlango huu. Masomo ya lugha yanayotolewa saa tatu asubuhi bila mahali pa kuacha mtoto ni masomo ya wanaume, hata kama tangazo linasema wote mnakaribishwa.

Lugha je? Tusubiri wajifunze kwanza?

Hapana. Lugha hujifunzwa kazini, sokoni na kwenye benchi la mpira, huku darasa likinyoosha sarufi. Wanaosubiri iwe kamili hawaanzi kamwe. Australia zamani ilikuwa na kikomo cha saa 510 za masomo ya bure ya Kiingereza kwa mhamiaji. Mwaka 2021 kikomo kikaondolewa, na sasa mtu anaweza kuendelea hadi afikie kiwango cha kumwezesha kusomea ufundi. Ni mabadiliko makubwa kwa mama aliyeacha darasa kwa sababu ya uzazi, kwani anaweza kurudi.

Kuhusu ukalimani nina ombi moja tu kwa hospitali, polisi na shule: msimtumie mtoto. Msichana wa miaka kumi na mmoja hapaswi kuwa yeye anayemwambia mama yake kwamba uvimbe ni saratani. Wakalimani wa simu wapo. Huduma ya taifa ya Australia, TIS National, inafanya kazi saa 24 na Kiswahili kimo. Na kabla ya kuunganishwa, muulizeni mgonjwa anazungumza Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu na mtu wa Zanzibar wataelewana, lakini kwa habari ya ugonjwa, kuelewana nusu ni hatari.

Vyeti vyangu vitatambuliwa?

Inategemea taaluma. Ufundi wa kawaida, udereva na kazi za mashambani hazina ugumu mkubwa. Udaktari, uuguzi, ualimu na ufundi umeme vina bodi zake, mitihani yake na ada zake, na huweza kuchukua miaka. Usihame kwa ahadi ya mdomo ya mwajiri kwamba "hilo litaangaliwa". Iandikie bodi husika mwenyewe, upate jibu kwa maandishi, ndipo ufunge mizigo.

Bila gari nitaishije?

Kwa shida. Huo ndio ukweli wa miji mingi ya mikoani: basi ni mara mbili kwa siku au halipo, na kiwanda kiko kilomita kadhaa nje ya mji. Leseni ya udereva katika mji mdogo ni sawa na cheti cha kazi. Victoria ina mpango uitwao L2P ambapo watu wa kujitolea wanawafundisha kuendesha vijana wasio na gari wala mzazi wa kuwafundisha. Mji unaotaka kubakiza watu wazima ubuni wa namna hiyo kwa ajili yao pia, na uwafikirie zaidi wanawake.

Wageni hawatachukua kazi za wenyeji?

Mwenyeji anayeuliza hivi asidharauliwe. Ana haki ya kujibiwa. Katika mji ambao nafasi zimekaa wazi miezi mingi, anayejaza nafasi hajamwondoa mtu. Anafanya zaidi ya hapo: kiwanda kinachopata watu wa zamu ya pili kinahitaji msimamizi wa zamu ya pili, fundi, mhasibu na dereva, na nafasi hizo mara nyingi huangukia wenyeji. Familia mpya hununua, hupanga, hupeleka watoto shule.

Lakini kuna hali moja ambapo woga huo ni wa haki kabisa. Ni pale mwajiri anapowatumia wahamiaji kushusha ujira. Hapo wanaoumia ni wote wawili, na mji usikae kimya eti kwa sababu mwajiri ni mkubwa.

Mwajiri akininyonya nifanye nini, na viza yangu imefungwa kwake?

Hofu hii ndiyo inayowafunga watu midomo. Kwa walio Australia, sheria ilibadilishwa tarehe 1 Julai 2024: mwenye viza ya kudhaminiwa na mwajiri, kama ile ya 482 au 494, akiacha kazi ana hadi siku 180 kwa wakati mmoja, na zisizozidi 365 kwa jumla, za kutafuta mdhamini mwingine. Kabla ya hapo, kwa mwenye viza ya 482, zilikuwa 60. Nchi nyingine zina utaratibu wake. Uulize kabla hujafika, usisubiri shida.

Popote ulipo: weka nakala ya mkataba, andika saa zako kila siku kwenye daftari lako mwenyewe, na pasipoti yako asikae nayo mtu mwingine. Dalali anayekutoza fedha ili upate kazi anakuibia, hata awe wa kabila lako na anasali nawe. Inaniuma kuandika sentensi hiyo, lakini wanaoanguka mikononi mwa madalali wa nyumbani ni wengi mno.

Wenyeji wakipinga?

Watakuwepo wanaopinga. Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Kisomali wapunguze kasi ya watu kuja, akisema mji umeelemewa. Barua hiyo ilivuta kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya jimbo kilichoitisha mkutano Januari 2003. Walijitokeza wachache. Siku hiyohiyo, maelfu ya watu wa Maine walikusanyika kuwaunga mkono majirani wao Wasomali. Mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa vijana wa Kisomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Kati ya barua na kombe ni miaka kumi na mitatu, na si miaka ya raha yote.

Sitaki kupamba. Altena, pamoja na tuzo yake, Novemba 2017 meya wake alichomwa kisu shingoni na mtu aliyekasirishwa na sera ya wakimbizi. Alinusurika.

Kinachopunguza uhasama, kwa kadiri ninavyoona, ni wenyeji kuambiwa mapema na kuambiwa ukweli, na wanaolalamika kuhusu foleni hospitalini kujibiwa kwa kuongezewa muuguzi badala ya kuhubiriwa upendo. Ukiwaleta watu 200 bila kuongeza hata kiti cha zahanati, umewagombanisha kwa mikono yako.

Ibada, chakula, misiba?

Ibada na chakula watu hujipangia wenyewe wakipewa ukumbi na duka likikubali kuagiza. Misiba ndiyo husahaulika. Siku mzee wa kwanza anapofariki, familia inaamua mengi kwa pamoja: atazikwa hapa au mwili urudishwe, nani ataosha maiti, makaburi ya manispaa yanaruhusu kuzika kwa kufuata kibla, msiba unaweza kukaa siku ngapi nyumbani bila jirani kuita polisi kwa ajili ya magari mengi. Mazungumzo hayo yafanyike kati ya halmashauri na viongozi wa jamii kabla ya kifo chochote. Familia iliyomzika mzazi wake katika ardhi ya mji huo haihami ovyo.

Mpango ukitegemea fedha za serikali kuu, utadumu?

Mtazameni Riace, kijiji cha Calabria kusini mwa Italia. Mwaka 1998 mashua ya Wakurdi ilifika pwani yake, na Domenico Lucano, baadaye meya, akaongoza kazi ya kuwapa wageni nyumba zilizoachwa na waliohama. Karakana zilifunguliwa, shule ikapata watoto. Kijiji kilijulikana duniani. Lakini kilitegemea ruzuku kutoka Roma na mtu mmoja. Siasa zilipogeuka, fedha zikakatwa. Lucano akakamatwa Oktoba 2018, akahukumiwa zaidi ya miaka 13 mwaka 2021, na rufaa ya 2023 ikaishusha adhabu hadi mwaka mmoja na nusu uliosimamishwa. Wahamiaji wengi walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo ruzuku ya serikali itumike kuanzishia: nyumba, lugha, mratibu. Mishahara itoke kwenye biashara halisi. Na uongozi uwe wa watu kadhaa, wakiwemo wahamiaji wenyewe, ili mmoja akianguka wengine wabaki wamesimama.

Wakihama baada ya miaka michache, tumeshindwa?

Si lazima. Watoto wa wenyeji nao huhama kwenda chuo. Familia iliyokaa miaka sita, ikasomesha watoto na kulipa kodi, haikupotea bure. Kinachopaswa kuwashtua ni wote kuondoka mara tu sharti la viza linapokwisha, au wengi kuondoka mapema kama ilivyozoeleka kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, ambacho kwa miaka mingi kimeshika mkia miongoni mwa majimbo ya nchi hiyo kwa kubakiza wahamiaji. Waulizeni wanaoondoka, kwa lugha yao, kwa mtu wanayemwamini, kwa nini wanakwenda. Ni ajabu jinsi miji michache inavyouliza.

Na wakati mwingine mji wenyewe huonyesha nani amekuwa wake. Machi 2018 maofisa wa uhamiaji waliichukua alfajiri familia ya Kitamil (waomba hifadhi waliotoka Sri Lanka) kutoka Biloela, mji wa machinjio na machimbo huko Queensland. Wakazi walipigania irudi kwa miaka minne, wakiandamana na kukusanya saini, hadi iliporejea Juni 2022.

Nimepata nafasi katika mji mdogo. Niulize nini kabla ya kukubali?

Omba kwenda kuuona, hata kwa siku mbili, na nenda na mwenzi wako. Tembea saa za jioni, si mchana tu. Tafuta mhamiaji aliyepo tayari na uzungumze naye bila mwajiri kuwepo. Kama hayupo hata mmoja, uliza kwa nini. Uliza nyumba utakayokaa iko wapi na kodi ni kiasi gani, uione picha ya bafu na ya jiko la kupasha joto. Uliza daktari wa karibu anayepokea wagonjwa wapya, na mama mjamzito anajifungulia wapi, kwa kuwa miji mingi midogo imefunga wodi za uzazi na safari inaweza kuwa ya saa nzima. Uliza shule imewahi kupokea mtoto asiyejua lugha yao, na ilifanyaje. Uliza kazi ikiisha, kuna mwajiri wa pili ndani ya mwendo unaoweza kwenda na kurudi kwa siku.

Halafu muulize mwajiri jina la mtu atakayekupokea siku utakapofika. Akikutajia jina bila kusita na kukupa namba yake, huo ni mji uliokwisha kukuwazia. Akisema mtu atapatikana, mwambie utampigia tena akishapatikana.